Askari, Mgambo na Raia: Fasili ya Istilahi za Kijeshi katika Kiswahili



Ibara ya 147 ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania ya mwaka 1977 ina fasili ambayo inafaa wanaisimu waisome kwa makini kama wanavyoisoma wanasheria. Ibara hiyo inamzuia mwanajeshi kujiunga na chama cha siasa, kisha inabainisha mwanajeshi ni nani. Katika orodha yake wamo askari wa Jeshi la Ulinzi, na pamoja nao wamo wa Polisi, wa Magereza na wa Jeshi la Kujenga Taifa. Kwa fasili hiyo, askari anayefungua na kufunga lango la gereza la wilaya ni mwanajeshi. Mtaani hakuna anayemwita hivyo. Mtaani mwanajeshi ni mtu wa JWTZ, na askari magereza ni askari magereza tu.

Je, Katiba imekosea? Haikukosea. Imefasili neno kwa shughuli yake, yaani kuwatenga watu wenye silaha za dola na ushabiki wa vyama. Mtu yuleyule akitazamwa kwa sheria za kimataifa za vita, hususan Mikataba ya Geneva ya 1949 na Itifaki zake za 1977, kwa kawaida atahesabiwa upande wa raia, isipokuwa pale ambapo nchi yake imekiingiza rasmi chombo chake katika majeshi yake na kuwaarifu wapinzani. Basi mtu mmoja, sare moja, lugha moja, ila fasili mbili: ya kwanza inamnyima kadi ya chama, na ya pili inaweza kuamua kama ni halali kumlenga kwa risasi.

Hapo ndipo ugumu wa istilahi za kijeshi ulipo. Mijadala ya istilahi katika Kiswahili, tangu Kamati ya Lugha ya mwaka 1930 hadi kuundwa kwa BAKITA mwaka 1967 na baadaye, imeshughulika zaidi na swali la umbo: neno litoholewe, litafsiriwe, liundwe kwa unyambuaji, au lichukuliwe kutoka lugha nyingine ya Kibantu? Swali la mpaka wa maana, yaani nani au nini kimo ndani na kipi ki nje, limeachiwa kamusi, na kamusi mara nyingi imelijibu kwa kutoa kisawe. Askari ni mwanajeshi. Mwanajeshi ni askari. Msomaji anazunguka mle mle kama ng'ombe wa kinu.

Vitu vinavyoonyeshwa kwa kidole

Sehemu moja ya msamiati huu haina taabu kubwa, nayo ni majina ya zana. Mzinga ulikuwa gogo lililotobolewa kwa ajili ya nyuki kabla ya kuwa silaha ya kurusha marisau, na umbo la kitu lilitosha kuhamisha jina. Kifaru cha chuma kimechukua jina la mnyama kwa sababu ya ngozi yake ngumu na namna yake ya kwenda mbele bila kukwepa. Nyambizi imetokana na kupiga mbizi. Handaki, risasi na baruti vimepitia Kiarabu. Manowari imetoka Kiingereza na imekaa katika Kiswahili kwa raha kiasi kwamba wengi huidhani ya Kiarabu. Katika maneno haya asili ni jambo la kuvutia, lakini haibadilishi lolote. Anayebishana kuhusu maana ya kifaru anaweza kupelekwa akakione.

Amri za gwaride nazo zimefaulu, tena zimefaulu kuliko istilahi nyingi zilizobuniwa na kamati. Mtoto wa shule ya msingi Tanzania anaposikia "mguu pande" na "mguu sawa" hahitaji kamusi; mwili wake unajua. Amri hizo zinataja kiungo na mahali pake, wala haziigi sentensi ya lugha ngeni.

Vyeo, na habari za afande

Cheo hakionyeshwi kwa kidole. Maana yake inatokana na jirani zake: aliye juu na aliye chini. Luteni hawezi kufasiliwa bila kapteni na bila luteni usu. Kwa hiyo kamusi inayoeleza kila cheo peke yake, kwa maneno kama "cheo katika jeshi", haijasema kitu. Vyeo vya Tanzania vimetoholewa kwa wingi kutoka Kiingereza, kuanzia koplo, sajenti na kapteni hadi meja, kanali, brigedia na jenerali, lakini mfumo wenyewe umefanyiwa kazi ya Kiswahili pale palipohitajika ngazi ya kati. Kiambata "usu" kimetoa luteni usu na koplo usu kwa utaratibu mmoja, na afisa mteule amepata daraja la kwanza na la pili. Sajini taji ni kisa cha peke yake. Taji ni lile lililokaa juu ya tepe tatu za sajenti katika jeshi la Kiingereza. Tanganyika ilimwacha Malkia ilipokuwa Jamhuri tarehe 9 Desemba 1962, na jina la cheo likabaki na taji lake.

Neno linalostahili kukaliwa zaidi ni afande. Chimbuko lake ni efendi ya Kituruki, ambayo nayo ilitoka Kiyunani. Katika dola ya Waothmani lilikuwa neno la heshima kwa msomi au karani, na katika jeshi la Misri likawa la maofisa. Mwaka 1889 Hermann Wissmann aliajiri mamia ya askari wa Kisudani huko Misri ili kuvunja upinzani wa pwani ulioongozwa na Abushiri bin Salim. Askari hao walikuja na msamiati wao wa kazi. Jeshi la Wajerumani likawa na ombasha, yaani mkuu wa kumi, likawa na shaushi, sol na efendi. Ni ajabu kidogo kufikiri kwamba Mnyamwezi aliyeandikishwa Bagamoyo alikuwa akipokea amri za Kijerumani kutoka kwa mtu mwenye cheo cha Kituruki, na lugha ya mazungumzo kati yao ilikuwa Kiswahili.

Ombasha na shaushi walitoweka pamoja na jeshi lililowabeba, baada ya vita kumalizika mwaka 1918. Afande hakutoweka. Sababu ni kwamba aliingia kwa mlango wa pili. Mwaka 1891 Frederick Lugard aliwachukua askari wa Kisudani waliosalia kutoka jeshi la Emin Pasha akawapeleka Uganda, na kizazi chao kilikuwa mojawapo ya misingi ya King's African Rifles, jeshi lililoundwa mwaka 1902 na ambalo wananchi waliliita Keya. Katika miaka ya 1950 Keya ilianzisha cheo rasmi cha efendi kwa Waafrika, ngazi iliyowekwa chini ya ofisa kamili ili Mwafrika apande bila kufika. Idi Amin alipewa cheo hicho mwaka 1959.

Leo afande si cheo popote katika orodha za JWTZ. Ni neno la kuitia. Askari wa chini humwita hivyo wa juu yake, naye mchuuzi aliyesimamishwa barabarani humwita hivyo konstebo asiye na tepe hata moja. Kamusi inayosema afande ni ofisa inafasili neno la mwaka 1959. Fasili ya leo haina budi kutaja uhusiano wa wasemaji: afande ni yule ambaye msemaji anakiri kwamba, kwa wakati huo, ana mamlaka ya kumwamrisha. Hii ni fasili ya kipragmatiki, na baadhi ya wanaleksikografia hawazipendi fasili za namna hii. Hata hivyo neno lenyewe halikubali nyingine.

Jeshi na kikosi

Jeshi ni jina pana kuliko wageni wanavyodhani. Kuna Jeshi la Polisi, Jeshi la Magereza, Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, Jeshi la Kujenga Taifa lililoanzishwa mwaka 1963, hata Jeshi la Wokovu lisilobeba silaha. Jeshi, basi, ni kundi lenye sare, nidhamu na amri ya ngazi. Silaha si sharti. Kenya ilipotunga Katiba ya 2010 iliacha jina la jeshi kwa polisi wake ikachukua Huduma ya Taifa ya Polisi. Badiliko hilo lilikusudiwa: jina lilitakiwa kuwabadilisha wenye jina. Kama limewabadilisha ni swali la wanasosholojia.

Jina la JWTZ nalo linafundisha. Tanganyika Rifles iliasi Januari 1964 ikavunjwa, na jeshi jipya lililozaliwa tarehe 1 Septemba mwaka huo lilianza kwa kuwaandikisha vijana wa TANU. Jina lake la Kiingereza linataja ulinzi. La Kiswahili halitaji ulinzi hata kidogo, linataja wananchi. Tofauti hii si kosa la mfasiri. Jina la Kiswahili linaeleza jeshi limetoka kwa nani, na la Kiingereza linaeleza limekusudiwa kufanya nini.

Kikosi kimebebeshwa mzigo mzito zaidi. Ni kundi la askari kumi, ni batalioni nzima, ni wachezaji kumi na mmoja wa mpira, na katika muundo wa kikosi kazi ni kamati ya wazee wenye miwani. JWTZ imejisaidia kwa kifupisho KJ, yaani Kikosi cha Jeshi, kinachoandikwa baada ya namba. Waandishi wa habari wakaongeza "kikosi cha" mbele ya namba hiyo, na sasa kikosi kinatajwa mara mbili katika jina moja bila mtu kushtuka. Ngazi zisizo na utata, kama seksheni, platuni, kombania na brigedi, ni zile zilizotoholewa. Jambo hili halitawafurahisha wanaopinga utohozi, lakini neno lililokuja bila historia katika lugha ni rahisi kulichorea mpaka.

Aliyeachwa nje ya fasili

Katika Vita Kuu ya Kwanza jeshi la Waingereza katika Afrika Mashariki lilitembea kwa miguu ya wapagazi. Ardhi yenye mbung'o haikuruhusu wanyama wa mizigo, na barabara zilikuwa chache. Kikosi cha wapagazi kwa Kiingereza kiliitwa Carrier Corps, na kutokana na jina hilo Dar es Salaam ikapata Kariakoo na Nairobi ikapata Kariokor. Makumi ya maelfu ya wapagazi walikufa, wengi wao kwa kuhara, malaria na njaa kuliko kwa risasi.

Kwa fasili ya dola mpagazi hakuwa askari, na kwa hiyo hakuandikwa kama askari. Mnara uliozinduliwa Dar es Salaam mwaka 1927 unawataja wapagazi katika maandishi yake, lakini sanamu iliyosimama juu ni ya mtu mwenye bunduki na singe, na jina la mnara kwa wakazi wa jiji ni Sanamu ya Askari. Mwaka 2021 taasisi ya Jumuiya ya Madola inayotunza makaburi ya vita ilikiri, katika ripoti yake, kwamba watu wasiopungua 116,000 waliokufa katika vita hiyo, wengi wao Waafrika na watu wa Mashariki ya Kati, hawakuwekewa kumbukumbu ya majina yao, au hawakuwekewa kumbukumbu yoyote. Ubaguzi wa rangi ulifanya kazi hapo, na fasili ilikuwa mojawapo ya vyombo vyake. Anayenunua kitenge Kariakoo analitamka jina la kikosi hicho kila siku bila kulisikia.

Kinyume chake kilitokea baadaye Kongo. Katika vita vya 1996 na 1997 watoto waliobeba silaha waliitwa kadogo, neno lililosikika Uganda katika vita vya msituni vya miaka ya 1980. Kiambishi "ka-" cha udogo kina huruma ndani yake, hata mapenzi. Sheria, hata hivyo, ina namba: Itifaki ya 1977 inakataza kumwandikisha mtoto wa chini ya miaka 15, na Itifaki ya Hiari ya mwaka 2000 kuhusu haki za mtoto inapandisha umri wa kulazimishwa kuingia jeshini na wa kushiriki moja kwa moja katika mapigano hadi miaka 18. Kadogo hana umri. Neno hilo lilimleta mtoto ndani ya jeshi na kulificha kosa la aliyemleta. Katika maandishi ya sheria na mafunzo mtoto askari ni istilahi bora, kwa kuwa maneno yake mawili yanagongana, na mgongano huo ndio ukweli wa jambo lenyewe.

Mgambo

Mgambo ulikuwa mwito: mbiu ya pembe ya kuwakusanya watu ili wasikie tangazo. Kutoka mwito neno lilihamia kwa walioitwa. Baada ya Amin kutwaa madaraka Uganda mnamo Januari 1971, Mwongozo wa TANU wa Februari mwaka huo ulisisitiza wananchi wafunzwe ulinzi, na mgambo ukaenea vijijini kama mafunzo ya dola kwa mkulima na mfanyakazi. Mgambo wa maana hii yuko ndani ya sheria. Yeye ni akiba ya jeshi.

Mijini maana ya pili ikachipua: mgambo wa halmashauri anayewafukuza machinga. Maana ya tatu imeletwa na idhaa za kimataifa, ambazo humwita mwanamgambo mtu yeyote wa kundi lenye silaha lisilo jeshi la serikali, awe wa Hezbollah au wa al-Shabaab. Msikilizaji wa Songea ambaye baba yake alipata mafunzo ya mgambo mwaka 1973 anasikia mwanamgambo amelipua hoteli Mogadishu. Neno moja limemweka baba yake na mlipuaji katika ngeli moja, na kwa mujibu wa sheria tofauti baina yao ni ya msingi: mmoja anawajibika kwa amri ya dola, mwingine sivyo. Idhaa zina maneno mengine ya kutumia. "Wapiganaji" linatosha, kwa sababu linataja tendo wala halitoi hadhi.

Mashariki mwa Kongo kuna neno jipya zaidi. Tangu vita vya M23 vilipofufuka, makundi yanayopigana upande wa serikali yamejulikana kama Wazalendo. Uzalendo ni sifa ya moyo. Hausemi nani anaamrisha, nani analipwa, wala nani atajibu mashtaka. Mwaka 2023 Kongo ilitunga sheria ya kuunda akiba ya jeshi ya ulinzi ili kuwapa watu wa namna hiyo mahali katika mfumo, na hilo lenyewe ni ushahidi kwamba sifa pekee haikutosha kuwa istilahi.

Raia

Neno zito kuliko yote yaliyotajwa ni raia. Asili yake ya Kiarabu ina picha ya kundi linalochungwa, na raia wa kwanza katika Kiswahili alikuwa mtu anayetawaliwa. Kinyume chake kilikuwa mtawala. Baada ya uhuru raia akawa mwenye haki katika nchi yake, na kinyume chake kikawa mgeni. Katika habari za vita raia ni asiye askari. Neno moja, basi, lina vinyume vitatu, na muktadha wa kawaida hutosha kuvitenganisha. Mtu akisema askari walikwaruzana na raia sokoni, hakuna anayeuliza pasipoti.

Tatizo huja pale vinyume viwili vinapokutana kwa mtu mmoja. Mkimbizi wa Kirundi aliyeko kambini Kigoma si raia wa Tanzania. Kambi yake ikishambuliwa, yeye ni raia kwa Mikataba ya Geneva, na ana haki ya kutolengwa. Sentensi "mkimbizi si raia" na sentensi "mkimbizi ni raia" zote ni za kweli, na mtu mwenye bunduki aliyefundishwa moja tu kati ya hizo anaweza kuua kwa kutojua sarufi ya maana.

Huko Kivu utata huu una makali. Uraia wa wasemaji wa Kinyarwanda umekuwa kiini cha ugomvi kwa miongo: sheria ya 1972 iliwapa wengi wao, ya 1981 ikawanyang'anya. Mwaka 2013 Umoja wa Mataifa ulipeleka huko brigedi yenye askari wa Tanzania, Afrika Kusini na Malawi, chini ya operesheni ambayo lengo lake kuu, kwa Kiswahili cha redio na cha mikutano ya vijijini, ni ulinzi wa raia. Kwa mfasiri wa makao makuu maana ni wasio askari, wote. Kwa msikilizaji aliyekulia katika ugomvi wa uraia swali linalofuata ni la wazi: raia wa wapi? Hakuna neno katika sentensi hiyo linalomkataza kuuliza.

Yamependekezwa maneno mengine. "Asiyepigana" halifai, kwa sababu daktari wa jeshi na kasisi wa jeshi hawapigani na bado si watu wa kiraia. "Mwananchi" linarudisha nchi katika fasili, nayo ndiyo iliyotakiwa kuondolewa. Suluhisho liko karibu zaidi. Kivumishi "-a kiraia" kimekwisha kujitenga na uraia: mavazi ya kiraia si mavazi ya Watanzania, na ndege ya kiraia haina utaifa katika maana ya neno hilo. Istilahi "mtu wa kiraia" inafuata njia hiyohiyo. Mkimbizi, mtalii na mfanyabiashara wa Kichina wote ni watu wa kiraia bila kuwa raia. Magazeti yaendelee na raia, maana hayatalisikia shauri hili. Lakini tafsiri za sheria na vitabu vya mafunzo ya askari wanaokwenda nje havina sababu ya kubaki na neno lenye vinyume vitatu.

Kuhusu fasili yenyewe, Itifaki ya Kwanza ya 1977 imefuata njia ambayo kamusi za Kiswahili hazijaizoea: inamfasili mtu wa kiraia kwa kukanusha, yaani yeyote asiyekuwa katika makundi ya wapiganaji yaliyotajwa, kisha inaongeza kwamba penye shaka mtu ahesabiwe kuwa wa kiraia. Fasili yenye kanuni ya shaka ndani yake ni jambo geni kwa mwanaleksikografia, ambaye kazi yake ni kuiondoa shaka. Hata hivyo kitomeo kinachoiacha kanuni hiyo kimeiacha nusu ya maana, hasa inapofikiriwa hali ya mgambo aliyetajwa awali. Anapolima shamba lake msimu wa mvua ni mtu wa kiraia. Mbiu ikipigwa akaripoti, akavaa sare na kuingia chini ya amri, si wa kiraia tena. Akirejeshwa nyumbani, anarudia hali yake ya kwanza, jembe likiwa palepale alipoliacha. Kitomeo cha mgambo kinachotaja mafunzo yake peke yake, bila kutaja wakati ambapo yuko chini ya amri, kinamwacha mtu huyo awe shabaha katikati ya mahindi yake.